Huangshan: Milima ya Njano Isiyo na Rangi ya Njano

Kwa Kichina neno "huang" lina maana ya rangi ya njano, na "shan" ni mlima. Basi ukitajiwa Huangshan huenda ukayawazia majabali ya rangi ya ndimu iliyoiva. Liondoe wazo hilo. Ukifika katika safu hiyo ya milima, kusini mwa jimbo la Anhui, mashariki mwa China, utakuta mawe ya kijivu kilichokolea, misonobari ya kijani na ukungu mweupe. Njano huioni, ila labda jua linapochomoza.

Jina la zamani lilisadifu zaidi. Watu wa kale waliuita Yishan, yaani Mlima Mweusi, kwa ajili ya weusi wa majabali yake. Jina hilo lilifutwa kwa amri mwaka 747, zama za ukoo wa kifalme wa Tang. Aliyelifuta ni Mfalme Xuanzong, mfuasi wa imani ya Tao, aliyevutiwa na hekaya iliyosimuliwa juu ya milima hiyo.

Hekaya yenyewe ni hii. Huangdi, Mfalme wa Njano, ambaye Wachina humhesabu kuwa babu yao wa kale, hakutaka kufa. Akafunga safari pamoja na wasaidizi wake wawili, Rongchengzi na Fuqiu, wakaenda mlimani kupika dawa ya kuishi milele. Wakachochea moto hata dawa ikaiva. Mfalme akaoga katika chemchemi ya maji moto, makunyanzi yakamtoka, akawa kijana tena, kisha akapaa mbinguni. Chemchemi hiyo ingalipo, na maji yake yana joto la nyuzi 42 hivi. Wageni huoga humo, ingawa sijasikia habari za mzee aliyerudi kwake akiwa kijana. Wale wasaidizi wawili nao hawakusahauliwa: kila mmoja ana kilele chenye jina lake.

Kwa urefu, milima hii si ya kutisha. Kilele kilichoipita mingine, Lianhua, yaani Ua la Yungiyungi, kina mita 1,864 tu. Sifa yake imo katika umbo. Ni mawe ya graniti yaliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, yakainuliwa, kisha maji na baridi vikapenya katika nyufa zake za wima na kuyachonga. Ndiyo maana vilele, ambavyo kwa hesabu ya jadi ni 72, vimesimama kama vidole. Misonobari imeota katika nyufa hizo, mahali ambapo hungedhani hata jani lingepata riziki. Ukungu ukitanda bondeni, vilele hubaki vikielea kama visiwa, na wenyeji huuita ukungu huo bahari.

Uko msonobari mmoja ulionyosha matawi yake upande mmoja kama mkono wa mwenyeji anayekukaribisha. Tangu miaka ya 1980 umekuwa na mlinzi wake maalumu, anayeukagua matawi na magome mchana na usiku. Mwenziwe, ulioota juu ya jabali lililochongoka kama brashi ya kuandikia, na kuhusishwa na ndoto ya mshairi Li Bai, haukubahatika. Ulikauka, ukawekwa mti wa plastiki mahali pake, na watu wakaupiga picha kwa miaka. Mti hai ulipandwa tena mwaka 2004.

Siku hizi viko vibanda vinavyopandishwa kwa waya, lakini wewe panda japo sehemu kwa miguu, kwenye ngazi zilizochongwa katika jabali. Huko utapishana na wachukuzi, mzegazega begani, wakipandisha mchele, mboga na mashuka ya hoteli za juu. Wapishe. Chai utakayoinywa kileleni huenda imepanda kwa mabega yao.

Sasa nikuonye juu ya tiketi. Mwaka 1987 mkoa wa Huizhou, ulio chini ya milima hiyo, ulibadilishwa jina ukawa Jiji la Huangshan, ili sifa ya mlima iwalete watalii. Ukishuka katikati ya jiji hilo, mahali panapoitwa Tunxi, usitafute vilele dirishani. Bado una safari ya zaidi ya saa moja kwa gari. Iko pia Wilaya ya Huangshan, nayo si mlima. Huizhou lilikuwa jina la tangu mwaka 1121, jina la wafanyabiashara na mafundi wa wino waliojulikana China nzima, na ndilo lililolipa jimbo la Anhui nusu ya jina lake. Siku hizi limebakia kwa wilaya moja ndogo. Wako wenyeji wanaodai lirudishwe, na mimi nawaelewa: Xuanzong alibadili jina la mawe, lakini hili lilikuwa jina la watu.

Hata Wilaya ile ya Huangshan zamani ilikuwa na jina lake, Taiping. Upande wa kaskazini wa milima kuna jiwe lenye umbo la tumbili aliyeketi ukingoni. Siku ya ukungu husemwa kwamba anatazama bahari. Siku ya jua kali, ukungu unapotoweka na mashamba kuonekana chini, wenyeji husema tumbili anaitazama Taiping.