Nasaha kwa Mpwa Wangu Aliyeingia Kazi ya Ukaguzi wa Programu

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi mno kusikia kwamba umeajiriwa kuwa mkaguzi wa ubora katika kampuni inayotengeneza programu za kutuma fedha kwa simu. Lakini pale uliposema ya kuwa wasanidi wanakuona adui yao, na kwamba wewe nawe umeanza kuzihesabu kwa furaha hitilafu unazozikuta katika kazi zao, nimeona ni wajibu nikuandikie kabla tabia hiyo haijawa ada. Mimi sikupata kuandika programu, lakini umri wangu niliutumia katika ukaguzi wa hesabu za benki, na nina yakini kwamba mkaguzi wa daftari na mkaguzi wa programu wana maradhi mamoja, nayo ni kuja mwisho, wakati wenzao wamekwisha choka, na kunyoosha kidole.

Ili uone thamani ya kuuliza mapema, nataka uisome habari ya Ariane 5, roketi iliyorushwa kwa mara ya kwanza huko Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996, ikiwa imebeba setilaiti 4 za utafiti, na ambayo baada ya sekunde kama 40 tu ilipotoka njia yake ikavunjika na kuripuka. Tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na mwanahisabati Mfaransa Jacques-Louis Lions, ilikuta kwamba chombo cha kukadiria mwelekeo kilikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, nayo ilijaribu kuitia namba ya biti 64 katika nafasi ya biti 16; katika safari za Ariane 4 namba ile haikupata kuzidi nafasi yake, ilhali Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikafurika, chombo kikazima, na kile cha akiba, kilichobeba programu ile ile, kilikuwa kimekwisha zima kabla yake kwa sababu ile ile. Na la kusikitisha zaidi, sehemu hiyo ya programu haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka chini.

Sasa zingatia, mwanangu, kwamba kuiacha namba ile bila kinga hakukuwa taksiri ya mtu mmoja. Lilikuwa shauri lililokubaliwa na pande mbalimbali za mradi, kwa hoja iliyoonekana njema, maana walitaka kompyuta isielemewe kupita asilimia 80 ya uwezo wake, wakazikinga namba 4 kati ya 7 zilizokuwa na hatari. Njia halisi ya Ariane 5 haikutiwa katika masharti ya chombo kile, wala chombo hakikujaribiwa kwa njia hiyo. Alikosekana mtu wa kuuliza, masharti yalipokuwa yakiandikwa, kama yale waliyoyarithi yalikuwa yangali kweli.

Basi kaa na wasanidi mapema. Waulize: mteja akibonyeza kutuma, mtandao ukakatika kabla jibu halijamfikia, naye akabonyeza tena, fedha zitakatwa mara ngapi? Jina la Ng'ang'a, lenye ritifaa mbili, litaingiaje katika hifadhidata? Maswali haya yakiulizwa kabla msimbo haujaandikwa, msanidi huyapokea kuwa ni msaada. Yakiulizwa usiku wa kuamkia siku ya kutoa toleo, huyapokea kuwa ni matusi, na sidhani kwamba hapo anakosea sana.

Ukikuta hitilafu, andika kama shahidi mbele ya kadhi: uliona nini, kwa simu gani na toleo gani, ulibonyeza nini kwanza na nini baadaye, ulitaraji nini na kikatokea nini. Jaribu mpaka uweze kuirudia, na ikikataa kurudi, liseme hilo wazi. Msanidi akikuambia kwamba katika mashine yake programu inafanya kazi, usimkadhibishe. Mkae pamoja mbele ya mashine zote mbili, kwa maana aghalabu sababu imo katika tofauti yao. Na wakubwa wakitaka kukupima kwa idadi ya hitilafu unazoandika, wasihi kwa adabu waache, kwani mizani hiyo itakuzoesha kukusanya vijimambo visivyo na uzito, na itawafunza wenzako kukuficha yenye uzito.

Ikitokea wameazimia kutoa toleo nawe una shaka, iandike shaka yako, ukitaja nani atadhurika na kwa kiasi gani. Kisha uamuzi ukipita, usijitenge ukingoja aibu yao, bali kesha nao mkizitazama kumbukumbu za seva, kwa kuwa mzazi anayengoja fedha za ada ya mtoto hatajali ni nani kati yenu aliyekuwa na haki.

Nisalimie dada yangu. Jibu lako nitalingoja, hasa juu ya yule mteja aliyebonyeza mara mbili, maana nataka sana kujua wenzako watasemaje.

Mimi mjomba wako.