Spana Namba 17

Ipogolo ipo bondeni, kando ya Mto Ruaha Mdogo, na mji wa Iringa uko juu ya kilima. Malori ya Tunduma yanapita hapahapa, kwa hiyo gereji za pembeni mwa barabara hazikosi kazi. Mdogo wangu alikulia humo. Akiwa na miaka 9, fundi akimwagiza spana namba 17, alileta 17. Namba hakuisoma. Aliingiza kidole gumba kwenye mdomo wa spana, akapapasa, akaijua.

Shuleni, mtoto huyohuyo alishindwa kutofautisha b na d. Alianza darasa la kwanza mwaka 1994. Kwenye daftari lake "baba analima" iligeuka "dada analima", na alipochapwa akasahihisha, "dada anapika" ikawa "baba anapika". Walimwita mbumbumbu. Mimi nilikuwa madarasa mawili mbele yake na niliamini kwamba ni mvivu. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja, na hadi leo linaniuma.

Mama hakuchoka kutafuta. Alimpeleka kupimwa macho, yakakutwa mazima. Akampeleka kuombewa. Akamwendea na mganga, akatoa kuku. Kote huko waliangalia nini kimemwingia mtoto, wala hakuna aliyeuliza anajifunzaje. Alipofika darasa la tano aliacha shule, akarudi gereji, na nyumbani tukaacha kulizungumzia.

Mwaka 2003 Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, lilianzisha karakana ya Neema Crafts mjini Iringa, ikianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Baada ya miaka kadhaa Mama alisikia habari zake sokoni. Akapanda naye kilima. Kwenye mgahawa wa pale wahudumu ni viziwi, na mteja huandika kwenye karatasi anachotaka. Mdogo wangu alishika kalamu, akairudisha mezani. Mama akaandika chai mbili.

Mahali pale hapakuwekwa kwa ajili ya shida yake, na hawakwenda kuomba nafasi. Lakini Mama alirudi amebadilika. Alikuwa amewaona watu ambao mtaani wangeambiwa hawafundishiki wakifuma vitambaa na kulipwa mshahara. Jioni ile alimwambia, "Mwanangu, nisamehe. Tulikuwa tunakufundisha vibaya."

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni hatua kubwa. Ila ugumu wa namna hii hauna fimbo nyeupe wala kiti cha magurudumu. Asiyefundishwa kuutambua atauona uvivu, kama nilivyouona mimi.

Mwaka 2018 binti wa mdogo wangu alikuwa darasa la pili. Daftari lake nililitambua kabla sijafika ukurasa wa tatu: dada analima. Safari hii mwalimu alikuwa amesomea elimu maalumu Chuo cha Patandi, Arusha. Hakumchapa. Alitandaza mchanga kwenye sinia, akamshika mkono, wakaandika herufi moja kwa kidole huku wakiitamka kwa sauti, siku nzima hiyo moja. Kisha akamwita mzazi, akamuuliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyesumbuka hivi, maana jambo hili huweza kurithiwa.

"Ni mimi, mwalimu," mdogo wangu alijibu. Alikuwa na miaka 31, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema mbele ya mtu wa shule.

Aliporudi gereji alichukua tyubu chakavu ya lori, akakata b na d kwa kisu, nene, za ukubwa wa kiganja. Mtoto akazipokea kwa furaha, akazigeuza mkononi, na b ikawa d palepale. Sote tulinyamaza. Mdogo wangu aliondoka bila neno, akarudi na kipande cha ubao na misumari midogo, akazigongelea kila moja mahali pake ili zisigeuke tena. Alipomaliza alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya tumbo la b, taratibu, kama anayetafuta namba 17.