Motisha na Ari

Katika maandishi ya elimu, neno motisha limegeuzwa kuwa mfuko wa kutilia kila kitu. Mwanafunzi anayekwepa mihadhara husemwa hana motisha. Mfanyakazi aliyeongezwa marupurupu husemwa amepewa motisha. Kosa latokana na tafsiri: istilahi ya Kiingereza hubeba maana zote mbili, nao watafsiri huitwika motisha mzigo ule ule.

Kiswahili chenyewe hakijachanganyikiwa. Motisha hutolewa, huongezwa na hata hupunguzwa, mithili ya mshahara. Ari haitolewi. Hata anayemtia mwenziwe ari huamsha tu kilichokuwamo. Isitoshe, ari ina asili katika neno la Kiarabu lenye maana ya aibu. Mwenye ari ni yule asiyekubali kufedheheka kwa kushindwa, na ndiyo maana kumwambia mtu mzima kuwa hana ari ni karibu na kumwambia hana haya. Wanasiasa hulijua hili. Mwaka wa 2005 Jakaya Kikwete aligombea urais wa Tanzania kwa kaulimbiu ya ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya. Angeahidi motisha mpya, watumishi wa umma wangeuliza ni shilingi ngapi.

Mnamo 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo walilipwa kwa kutatua mafumbo ya vipande vya kuunganisha. Malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyachezea mafumbo hayo wakati wa mapumziko ilififia. Anayetumia neno moja hapa atalazimika kuandika kwamba motisha ilipunguza motisha. Kwa Kiswahili fasaha, motisha ilipunguza ari, na sentensi inaeleweka.

Kwa walimu wa Kenya, jambo hili si la kamusi tu. Mgomo wao wa Oktoba 1997 ulimalizika kwa serikali kukubali nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu. Awamu zilipokwama, waligoma tena mwaka wa 2002. Mwaka uliofuata ada za shule za msingi zilifutwa, madarasa yakafurika, nao wakaingia kuyafundisha. Katika mijadala kama hii hakosi msemaji wa kutamka kwamba walimu hawana motisha. Akikusudia kuwa hawalipwi ipasavyo, amewatetea. Akikusudia kuwa hawajali kazi, amewatukana. Maneno ni yale yale, na msikilizaji huchukua maana inayomfaa.

Kisha huja mtafiti na hojaji yake ya Kiswahili, akamwuliza mwalimu wa wanafunzi 90 katika chumba kimoja: je, una motisha ya kazi? Ndiyo au la. Mwalimu hushika kalamu, akatazama visanduku viwili, asijue anaulizwa kuhusu mshahara au kuhusu heshima yake.