NIMENG'OA SITI YA NOAH YA DINGI, SASA SINA PA KUKAA!

Noah kwa Kiswahili ni Nuhu. Nuhu wa kwenye Biblia alipewa vipimo kamili vya safina: dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu, na akaambiwa atie na vyumba. Sasa hawa Wajapani walioanza kutoa Toyota Noah mwaka 1996 vyumba walivisahau kabisa. Ukikunja siti za nyuma unabaki na uwanja mtupu, lete mpira tucheze.

Noah ya kwetu hapa Tabata ni ya dingi, na lazima niseme alivyoipata maana kasheshe lote limelala hapo. Aliinunua kwa kiinua mgongo. Miaka thelathini na kitu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, yote imesimama juu ya magurudumu manne. Ukiigusa kwa msumari umemgusa yeye. Lakini anayeilisha petroli ni bi mkubwa, anayepika kwenye shughuli za watu: harusi, kipaimara, arobaini. Jumamosi Noah inabeba masufuria, mahotipoti na sahani dazeni kumi. Jumapili inabeba familia. Na kwa kuwa Jumamosi usiku hakuna mwenye nguvu ya kushusha vyombo, Jumapili tunasafiri navyo, kelele tupu kama bendi ya shule.

Sasa sikia. Tukiwa Buguruni, daladala ikachomekea, dingi akakanyaga breki. Mfuniko wa sufuria la pilau ukaruka toka nyuma, ukapita jirani na sikio la bibi, ukaenda kugonga dashibodi. Bibi akauliza, "Nani karusha?" Gari zima likacheka. Mimi sikucheka. Fizikia ya kidato cha nne sikung'ara, ila hesabu hii naijua: gari likiwa spidi 50 likasimama ghafla, kitu kisichofungwa kinaendelea mbele na mwendo uleule wa kitu kilichodondoka toka mita 10 hivi. Yaani toka ghorofa ya tatu. Sasa fikiria lile sufuria lenyewe, siyo mfuniko.

Fundi mmoja tuliyemwita alitaka laki sita, tena akasema atatoboa sakafu. Dingi alimfukuza kwa adabu. Nikamwambia, "Baba, naomba nifanye mimi, na sitoboi hata tundu moja." Akaniangalia toka chini mpaka juu, binti mzima niliyemaliza shule na kubaki hapo nyumbani naandika magazetini. "Wewe? Na nini?"

Na futi kamba, wazee! Siri ya kazi hii ni vipimo, mengine mbwembwe. Ukuta wa Noah haujanyooka, chini mabega ya matairi yanaingia ndani, juu bodi inapinda. Ukipima sehemu moja tu umekwisha. Nilipima chini, katikati na juu, kisha nikakata boksi la televisheni mpaka likakaa ndani ya gari bila kulazimishwa. Hilo boksi ndilo nililokwenda nalo Keko kwa wapasua mbao. Wakaniuliza kama nahama. Nikanunua plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4, ya milimita 18 kwa ajili ya kasha na ya 12 kwa ajili ya droo, wakanikatia kwa mashine kufuata alama zangu. Msumeno wa mkono unakupa pembe za ulevi.

Reli za chuma za droo nilizikimbia bei. Nilipaka mshumaa sehemu mbao zinaposuguana, na droo inateleza vizuri tu. Chini kabisa sahani, maana mzigo mzito ukikaa juu gari linayumba kwenye kona. Kila droo ina komeo, vinginevyo ukipanda mlima inafunguka yenyewe. Juu nikabandika kapeti kuukuu kuua kelele. Mtungi wa gesi niliukatalia katakata, bi mkubwa alie asilie. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, na kasha la mbao ndani ya gari lililofungwa vioo ni kaburi. Mtungi unapanda kirikuu, nyuma kwenye upepo.

Likabaki swali la kulishika kasha bila kutoboa. Matundu yenye nguvu tayari yapo, yametengenezwa kiwandani: yale ya boliti za siti ya mwisho. Unang'oa siti, unakata vipande vya engo aini, unavibana kwenye matundu yaleyale kwa boliti zilezile na wosha pana, kisha kasha unalifunga kwenye hizo engo. Tatizo ni kwamba gari la watu wanane linakuwa la watu watano.

Nilikuwa chini nimebana spana 14 dingi alipochuchumaa pembeni. Akahesabu kwa vidole. Yeye, mama, bibi, wadogo wawili. "Hiyo siti huwa anakaa nani?"

"Mimi, baba."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akachukua ile spana akamalizia boliti ya mwisho mwenyewe.

Basi Jumapili mimi napanda daladala. Wiki ya kwanza niliwaona wakinipita pale kwenye mataa, wadogo zangu wananipungia mkono dirishani, nami nimebanwa kwapani mwa mtu. Iliniuma, sitaki kuwadanganya. Nilipofika nyumbani nikakuta siti yangu imewekwa barazani na bibi ameikalia, anasema haijawahi kumuuma mgongo. Bi mkubwa kwenye daftari lake la matumizi ameongeza mstari: nauli ya fundi. Analipa kila Jumapili, kwenda na kurudi.

Jirani mwenye Noah ya bluu ameshakuja mara mbili kuuliza bei. Anayemjibu ni dingi, na bei anayoitaja hata mimi mwenyewe nashtuka.