Presha ya baba mdogo na presha ya tairi

Nimepotea kidogo, nilikuwa Kahe. Kwa wasiopajua, Kahe ni kule chini ya Moshi, tambarare, kwenye njia panda ya reli: moja inakuja Moshi kutoka Tanga, nyingine ilikuwa ikielekea Taveta hadi Voi. Ukishuka huko ukitokea Marangu au Kibosho unajua kabisa umeshuka. Joto, vumbi, na miba ya migunga. Hiyo miba ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa Jumatatu alfajiri. Nimeazima gari la kaka, nampeleka baba mdogo kliniki ya presha mjini. Hatujafika hata kwenye lami, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Kushuka, tairi ya mbele imekaa chini. Spea nayo haina upepo. Baba mdogo akaniangalia, mie nikamwambia, "Usijali baba, nina mashine."

Kweli nilikuwa nayo. Pampu ya umeme isiyo na waya, ya kuchaji kama simu, inaenea mkononi. Niliinunua mjini kwa sababu moja tu: boksi liliandikwa 150 PSI. Nikajiambia tairi ya gari inataka thelathini na kitu, hii si itapasua kabisa?

Jamani. Mashine ikaunguruma, namba zikapanda kutoka 9 hadi 17, ikawa ya moto kama pasi, ikazima. Chaji kwisha.

Tulikaa pale mpaka kijana mmoja akapita na baiskeli, akaenda kumwita fundi mwenye pampu ya mguu. Tukapokezana kukanyaga. Tulifika kliniki saa tano, uandikishaji umefungwa, tukaambiwa turudi wiki inayofuata. Na vidonge vya baba mdogo vilikuwa vimebaki vya siku mbili. Ikabidi tutafute vya kuvukia wiki kwenye duka la dawa, kwa cheti chake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mie presha imezidi, gari lako imepungua. Tungegawana."

Nilicheka, lakini iliniuma. Mimi kazi yangu ni kuwauliza watu takwimu zao zina maana gani, halafu nimenunua namba ya kwenye boksi bila kuuliza hata swali moja. Kwa hiyo safari hii nikauliza. Haya ndiyo niliyoyapata, labda yatamsaidia mwingine.

Kwanza, PSI ni nguvu ya kusukuma, si wingi wa upepo. Tairi ya gari dogo ina nafasi ya kama lita 30; ya baiskeli haifiki hata lita 4. Baiskeli ni jagi, gari ni pipa. Kuijaza ya gari kutoka sifuri mpaka 32 PSI unahitaji lita 60 na zaidi za hewa ya kawaida. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: inatoa lita ngapi kwa dakika? Yenye lita 10 itahangaika dakika sita na zaidi, na vimashine vidogo vingi vinataka kupumzishwa kabla ya hapo.

Pili, betri. Usitishwe na mAh peke yake. Zidisha kwa volti, gawa kwa 1000, upate wati-saa. Betri ya 4000 kwa volti 3.7 ni sawasawa na ya 2000 kwa volti 7.4. Zote ni wati-saa 14.8, ila boksi la kwanza linavutia zaidi!

Tatu, kama una gari tu, huna baiskeli, chukua ile ya waya inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Injini ikiwaka, haiishiwi chaji. Isiyo na waya ni ya nyumba kama yetu, yenye gari la kuazima na baiskeli ya baba mdogo inayobeba majani ya ng'ombe kila siku.

Nne, na hapa ndipo wengi tunapigwa: valvu. Gari, pikipiki na baiskeli nyingi za gia zina valvu ya aina moja. Lakini Phoenix ya baba mdogo ina ile ya zamani yenye kipira ndani. Inahitaji kichwa chake cha kuunganishia. Fungua boksi dukani ukione, usiambiwe "kimo".

Nilinunua nyingine, nikarudi nayo Kahe. Ya gari ikafanya vizuri: unaweka 32, ikifika inazima yenyewe. (Kiwango cha gari lako kiko kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, na upime tairi likiwa la baridi.) Kwenye Phoenix nikaweka 45, ikazima mapema. Baba mdogo akabonyeza tairi kwa dole gumba. "Bado."

Nikabisha. Kioo kinasema 45! Kumbe yeye ndiye alikuwa sahihi. Kile kipira kinaziba, kwa hiyo mashine inasoma presha ya kwenye mpira wake yenyewe inaposukuma, ambayo ni kubwa kuliko iliyomo ndani ya tairi. Tukaongeza, akabonyeza tena. "Sasa."

Na yule fundi? Bado yupo. Mashine inajaza upepo, haitoi mwiba wala haibandiki kiraka. Tairi ile tulimpelekea yeye.

Jumatatu iliyofuata tulifika kliniki saa moja na nusu. Jumapili jioni nilikuwa nimepima matairi yote manne na spea, na mashine imelala kwenye chaji ndani ya nyumba, si kwenye gari, maana joto la Kahe linaua betri. Baba mdogo alipimwa, ya juu ikasoma 150. Akanigeukia: "Kama boksi lako."

Dawa imeongezwa. Mwezi ujao tunarudi tena. Tuko pamoja.