Picha ni Deni: Toka Lubumbashi Hata Likasi Pamoja na Wapiga Picha

Watu husafiri kwa sababu nyingi. Mmoja hufuata biashara, mwingine huenda kwenye matanga, mwingine huenda kumtazama mama yake mzee kijijini. Lakini wako vilevile watu wanaofunga safari kwa ajili ya kutazama tu. Hubeba kamera shingoni au simu mkononi, huenda kwa miguu au kwa gari, na jioni hurudi na picha. Kazi hiyo haiwapi mshahara. Mmoja wao ni muuguzi, mwingine fundi wa umeme, mwingine mwalimu kama mimi. Hapa Lubumbashi kundi letu ni watu kumi na wawili, na mkubwa wetu ni mzee aliyestaafu kazi ya reli. Nataka kuwaeleza matembezi yetu, kwani yana fundisho linalowafaa hata wale wasio na kamera.

Mjini huanza saa kumi na mbili asubuhi, jua linapochomoza. Wanafunzi, shikeni hili: mwanga wa asubuhi hutoka upande, na kwa hiyo huonyesha umbo la kila kitu, ukuta, mti na uso wa mtu. Saa sita mchana jua husimama juu ya utosi, na macho ya watu huwa kama mashimo meusi. Mtu akitaka kupigwa picha saa hiyo, mpeleke chini ya mwembe, ageuze uso kuelekea penye mwanga. Ndipo ngozi yetu nyeusi itaonekana jinsi Mungu alivyoiumba, nayo haitakuwa kivuli tu.

Twaondoka kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa kwa matofali, twateremka kuelekea stesheni. Reli iliyotoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville; jina la Lubumbashi ulipewa mwaka 1966. Mwezi wa Oktoba mijakaranda huchanua, na barabara hutandikwa maua ya zambarau. Kisha huonekana dohani kubwa ya kiwanda cha shaba, na kando yake mlima mweusi wa masalio ya mawe yaliyoyeyushwa tangu mwaka 1911. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 watu wameanza kuuchimba mlima huo tena, kwa kuwa ndani yake mlibaki kobalti. Kila mgeni hupiga picha ya dohani. Mkubwa wetu hutuambia: «Dohani haitakufa kesho. Wapigeni kwanza wazee waliofanya kazi chini yake.»

Neno hilo lamkumbusha mtu kazi ya Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1978. Katika picha zake za mwaka 2006 zinazoitwa «Mémoire», aliwatwaa wafanyakazi wa zamani kutoka katika picha za wakati wa Wabelgiji, akawasimamisha mbele ya viwanda vilivyoharibika vya siku zetu. Watu wale walipigwa picha ili kuonyesha mali ya kampuni. Yeye aliwarudisha mbele yetu ili tuwatazame kama baba na babu zetu.

Mara mbili katika wakati wa kiangazi, mwezi wa Mei na mwezi wa Septemba, tunakodi gari na kwenda Likasi, yapata kilometa 120. Barabara yapita katikati ya msitu wa miombo na vichuguu virefu kuliko mtu. Kando yake, magunia ya makala yamepangwa yakingoja wanunuzi. Kabla ya kufika Likasi, gari lavuka mto Lufira. Mwezi wa Septemba 1961, askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa huko Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville; wenzao waliokwenda kuwasaidia walizuiliwa kwenye daraja la mto huo. Ukikumbuka mambo hayo, utaelewa kwa nini askari hawapendi kuona kamera karibu na madaraja. Sisi hufunga kamera zetu mfukoni mbele ya daraja, kambi, uwanja wa ndege na mgodi. Penye shaka, twaomba ruhusa kwa mkubwa wa mahali, na akikataa, twashukuru na kwenda zetu.

Lakini ruhusa ya mkubwa haitoshi. Mwezi mmoja wa Mei tulisimama penye magunia ya makala. Mama mmoja aliyekuwa akishona mdomo wa gunia alituuliza: «Baba zangu, watu husimama hapa, hubeba sura zetu, huenda. Na sisi tunabaki na nini?» Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama muuzaji anavyouliza bei. Mkubwa wetu alivua kofia, akamjibu: «Mama, una haki. Tutarudi nazo.» Akaandika katika daftari jina la kila mtu aliyekubali kupigwa picha, na jina la kijiji. Kati yao walikuwamo mzee mmoja na mke wake, waliokaa juu ya gogo, kila mmoja akitazama upande wake kama watu waliozoeana.

Mwezi wa Septemba tulirudi na bahasha ya picha zilizotolewa studio kwenye karatasi nzuri. Watoto walikimbia, wakacheka kuona nyuso zao. Yule mzee alikuja polepole, peke yake. Mke wake alikuwa amefariki mwezi wa Julai. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akasema: «Nilikuwa na uso wake kwenye kadi ya uchaguzi tu, mdogo kama ukucha.» Kisha akaiingiza ndani ya kitabu chake cha sala, akatusalimu mmoja mmoja. Hata Likasi hapakuwa na mtu aliyefanya mzaha garini. Tulitembea katika mji ule wa vilima, chini ya miti ya barabara zake, na wale waliozoea kupiga picha mia kwa siku walipiga chache, tena kwa uangalifu.

Basi, wasomaji, fikirini. Yule mama aliuliza swali la haki. Anayepiga picha anatwaa kitu, na anayetwaa ana deni. Deni hilo lina sehemu tatu: kuomba ruhusa, kuandika jina, kurudisha nakala. Wazazi wanaolea watoto wenye simu wawafundishe hayo mapema, hasa wasisambaze picha ya mtu aliyelewa, aliyelia au aliyeanguka barabarani. Picha ya namna hiyo ni wizi, hata kama hakuna polisi atakayekuja.

Jina nalo si jambo dogo. Picha nyingi za zamani za Kongo zimeandikwa chini yake «mwanamke wa kabila fulani» tu, na wajukuu wake hawawezi kumtambua. Lakini mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari wa Kiprotestanti, Bibi Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba mmoja aliyekaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, waliomwua walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi huyo aliandika majina: baba aliitwa Nsala, mtoto Boali. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano ya Ulaya na Marekani, ikawa mojawapo ya ushahidi uliomlazimisha mfalme Leopold II kuiachilia nchi mwaka 1908. Kwa sababu majina yaliandikwa, hata leo tunaweza kuwataja katika sala zetu.

Ninyi mnaofanya Njia ya Msalaba wakati wa Kwaresima mwajua kituo cha sita. Mapokeo yasimulia kwamba Veronika alipita katikati ya askari, akaupangusa uso wa Yezu, na sura Yake ikabaki kwenye kitambaa. Fikirini mpango wa mambo hayo. Veronika hakwenda kutafuta sura. Alikwenda kumhudumia mtu aliyeteseka, na sura akaipewa baadaye. Wapiga picha wengi humheshimu kama msimamizi wao, na inafaa wamwige vilevile: kwanza salamu na msaada, kisha picha. Na kama nyumbani kwenu iko picha ya mzee ambaye hana nakala yake, msingoje kiangazi kijacho. Mpelekeeni wiki hii.