Kitanda Tulichokataa Kukiuza

Wasomaji wa ukurasa huu wa nyumbani wamezoea kuletewa habari za mapishi, ushonaji na malezi. Leo naomba nafasi nieleze habari za kitanda. Si kitanda cha watu wazima, bali kile kidogo chenye fito ubavuni, ambacho wazazi wengi hukitafuta mtoto wa kwanza anapozaliwa, na ambacho wengi wetu hukinunua kwa macho bila ya kukipima. Mimi nilikinunua hivyo, na nusura kiniondolee mwanangu.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha darasa la tatu kwa muda wa miaka minne. Mume wangu ni askari polisi. Mwaka 2017, mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, tulikuwa tukikaa katika chumba kimoja kambini, mjini Kampala. Wanaoishi kambini wanakijua chumba hicho bila ya kuelezwa: pazia katikati, upande mmoja kitanda, upande wa pili meza, vyombo, na ndoo za maji.

Mama yangu alipokuja kunisaidia ulezi alistaajabu kusikia kwamba tunataka kumnunulia mtoto kitanda chake. "Ninyi nyote sita mlilala ubavuni pangu," alisema. "Ni nani kati yenu aliyepotea?" Sikuthubutu kubishana na mama, lakini nilikuwa na sababu zangu. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka zamu saa nane za usiku, hoi kwa uchovu, na mara nyingine akilala na viatu miguuni. Kitanda chetu kilikuwa cha futi nne. Kila usiku nilisinzia nusu macho, nikihofu kwamba mtu mzima mwenye usingizi mzito atamlalia mtoto wa wiki tatu. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Madaktari wengi wa watoto hushauri kwamba mtoto mchanga alale chumba kimoja na wazazi wake, lakini mahali pake mwenyewe.

Basi tukaanza kuweka akiba. Kitanda kipya tulichoonyeshwa kilikuwa Sh. 350,000, nasi kwa miezi mitatu tulikuwa tumekusanya Sh. 200,000 tu. Ndipo mume wangu alipodokezwa na mwenzake wa zamu kwamba duka moja la vitu vilivyokwisha kutumika lina kitanda kizuri kwa bei nafuu. Tulikwenda Jumamosi. Kitanda kilipakwa rangi nyeupe ya kung'aa, kitakizo kimechorwa maua mawili, na ubavu mmoja uliweza kuteremshwa na kupandishwa kama dirisha. Muuzaji aliuteremsha na kuupandisha mbele yetu mara tatu, nasi tukacheka kwa furaha kama watoto. Tulilipa Sh. 180,000. Jioni ile majirani walikuja kukitazama, na hata mama alikiri kwamba kinapendeza.

Sikupima chochote. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kutumia rula, sikuipeleka rula dukani.

Ilipita miezi minne ya amani. Mtoto alipotimiza miezi saba, usiku mmoja yapata saa tatu, mume wangu akiwa kazini na mama amekwisha kurudi kijijini, nilitoka barazani kusuuza masufuria. Nikasikia sauti ndani. Haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu anayejaribu kukohoa asiweze. Nilipoingia nilimkuta mwanangu ananing'inia nje ya kitanda. Miguu, nyonga na kifua vilikuwa vimepita katikati ya fito mbili, na miguu haifiki sakafuni. Kichwa kilikuwa kimekwama ndani.

Nilimwinua kwa mkono mmoja ili uzito usimvute shingo, na kwa mkono wa pili nikajaribu kumrudisha alikotoka. Hakurudi. Nilipiga kelele ambazo sikujua kwamba ninazo. Jirani yetu, mke wa koplo, aliingia bila ya kubisha hodi. Hakuuliza neno. Alichukua mchi wa kinu uliokuwa nyuma ya mlango, akaupiga ufito kwa chini mara mbili, ukang'oka. Mtoto alilegea mikononi mwangu, kisha akavuta pumzi, akalia. "Lia, baba, lia," mke wa koplo alimwambia, naye mwenyewe machozi yakimtoka. Tulikwenda zahanati usiku ule ule. Alikuwa na mchubuko chini ya sikio, basi. Mungu alikuwa ametuhurumia.

Asubuhi mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Hakusema kitu. Alikaa sakafuni karibu na kitanda, akaomba rula. Nafasi kati ya fito ilizidi sentimita 9 na nusu. Komeo la ule ubavu wa kuteremka lilikuwa limevunjika ndani, likashikizwa kwa waya, na waya ukapakwa rangi. Kisha akauokota ufito uliong'olewa na kuukwangua kwa kisu. Fito zote nyingine zilikuwa za mti mwekundu na zimechomekwa katika matundu. Huo ulikuwa wa mti mweupe, tena umepigiliwa misumari miwili midogo.

"Mama mtoto," alisema, "ufito huu umewahi kuvunjwa kabla yetu."

Ni nani aliyeuvunja, na kwa nini? Siwezi kuapa. Pengine ulivunjika katika kuhamisha mizigo tu. Lakini tangu siku ile sijaweza kuondoa moyoni wazo kwamba nyumba fulani, kabla ya nyumba yetu, kulikuwa na mama mwingine aliyepiga kelele kama zangu. Na baada ya kumshukuru Mungu, watu wa nyumba hiyo walitia ufito mpya, wakapaka rangi, wakachora maua, wakakipeleka kitanda sokoni ili kurudisha fedha zao. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hapo ndipo ulipoanza mtihani wetu sisi. Wiki haikupita kabla ya konstebo mmoja kijana, ambaye mkewe alikuwa mjamzito, kuja kuuliza kama tunakiuza. Alikuwa tayari kutoa Sh. 120,000, akisema fundi atatia ufito mwingine. Msomaji, usinihukumu haraka: tulizihitaji fedha hizo. Mume wangu alisema, "Ni mtu mzima, tutamwambia ukweli, achague mwenyewe." Nami nikasema kwamba ukweli hauchukuliwi pamoja na mzigo. Yeye ataambiwa, lakini atakayenunua kwake baada ya miaka miwili hataambiwa. Tulibishana siku tatu. Siku ya nne mume wangu alitoka zamu, akakopa msumeno, akazikata mbavu zile vipande vipande mbele ya baraza. Tulihifadhi chaga peke yake, tukazifanya rafu ya vyombo. Jirani mmoja aliomba vipande avipikie maharagwe, nikamkatalia, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na moshi wake si wa kuchezea.

Mtoto akalala juu ya godoro lake sakafuni, chini ya chandarua, kwa miezi miwili. Katika miezi hiyo nilifanya kazi ambayo ningalipaswa kuifanya mwanzo: nilisoma. Nilikuta kwamba jambo lililotupata linajulikana kwa miaka mingi. Mwili wa mtoto mchanga hupenya mahali ambapo kichwa chake hakipenyi, na ndiyo maana tangu miaka ya 1970 sheria ya Marekani imetaka nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Kipimo cha nchi za Ulaya hakizidi sentimita 6 na nusu. Kuhusu ule ubavu wa kuteremka uliotuchekesha dukani, wasimamizi wa usalama wa bidhaa wa Marekani walihesabu vifo vya watoto visivyopungua 32 tangu mwaka 2000 vilivyohusiana na mbavu za namna hiyo kuchomoka, na kuanzia Juni 2011 vitanda hivyo vimepigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa nchini humo.

Nikiwa na elimu hiyo, na akiba mpya, nilikwenda Ndeeba, kwenye wauza mbao na mafundi wao. Mara hii nilinunua godoro kwanza, la sentimita 120 kwa 60, nikalipeleka kwa fundi kitanda kitengenezwe kulifuata. Godoro likiwa fupi, pembeni hubaki ufa ambamo mtoto huweza kuzamisha uso akakosa pumzi. Vidole viwili vya mtu mzima visipate mahali pa kuingia kati ya godoro na ubavu. Na godoro liwe gumu. Mto, blanketi zito na vikorokoro vya kuchezea havina kazi humo, na mtoto alazwe chali. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi jambo hilo la kulaza chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana.

Fundi alikuwa mzee mwema, lakini alipinga habari ya fito. "Mama, fito zikiwa nyingi bei itapanda," alisema. Nikaomba chaki, nikamwandikia hesabu juu ya ubao kama niko darasani. Ubavu wa sentimita 120, kila ufito sentimita 2 na nusu: ukitia fito 9, nafasi zinakaribia sentimita 10, ukitia 14, hazifiki sentimita 6. Tofauti ni fito 5 kila ubavu, fito 10 kwa kitanda kizima. Alihesabu bei yake: Sh. 20,000. Nilizitoa bila ya kuomba apunguze. Nilijua tayari thamani ya ufito mmoja.

Tuliafikiana na mengine. Mbao ziwe kavu, kwa maana mbao mbichi zikikauka husinyaa na nafasi hupanuka. Mvule ulikuwa ghali kwetu. Alitumia musizi, akaupiga randa na msasa mpaka hakuna kibanzi. Mbavu zote mbili ziwe imara, zisiteremke. Kutoka chaga hadi juu ya ubavu ziwe sentimita 60, mtoto anayejifunza kusimama asipinduke. Kusiwe na mti wa kukingama ambao atautumia kama ngazi. Fito zichomekwe katika matundu na kutiwa gundi, wala zisipigiliwe misumari. Kitanda kilitugharimu Sh. 310,000. Hakikuwa na maua.

Lipo jambo linalotuhusu hasa sisi watu wa majeshi. Familia zetu huhamishwa. Kitanda hufunguliwa, hupakiwa juu ya lori, hufungwa tena mahali pageni, na katika kila uhamisho hupotea bolti moja au nati moja, na badala yake hutiwa waya. Nimeshona mfuko mdogo wa kitambaa, na kitanda kinapofunguliwa, bolti zote huingia humo na mfuko hufungwa kwenye kitakizo. Tumehama mara mbili tangu wakati huo, na hakuna hata moja iliyopotea.

Na asiyeweza kununua asione haya. Finland ilianza kuwapa kina mama maskini vifaa vya uzazi mwaka 1938, na mwaka 1949 ikawapa kina mama wote, mradi waende kliniki mapema. Vifaa hivyo huja ndani ya sanduku la karatasi ngumu lenye godoro dogo chini, na watoto wengi wa nchi ile wamelala ndani ya sanduku hilo hilo katika miezi yao ya kwanza. Kumbe si lazima mahali pa mtoto pawe pa fahari. Godoro gumu sakafuni, mahali pakavu, chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri, ni salama kuliko kitanda cheupe chenye komeo la waya.

Watoto wetu wawili wamelala katika kitanda kile cha Ndeeba. Yule konstebo kijana, ambaye sasa ni koplo, alikiazima kwa mtoto wake wa pili, na kabla ya kukichukua alikuja na rula yake mwenyewe. Alipima fito, akasukuma mbavu, akahesabu bolti katika mfuko. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Mimi nilitamani kwamba nasi, siku ile ya Jumamosi, tungalikuwa wateja wasumbufu kama yeye.